Oili Nyekundu Mno: Kisa cha Gia Boksi ya Gari la Miaka 14

Mdogo wangu alinipigia simu Ijumaa usiku, sauti imejaa furaha. "Kaka, gari nimelipata." Alikuwa ametafuta miezi mitatu. Gari la milango minne, miaka 14, injini ya lita 2, otomatiki ya gia tano, kilomita 168,000 kwenye dashibodi. Rangi haijapauka, viti havijachanika, matairi bado mapya. Muuzaji mstaarabu, bei inafikika. Kilichobaki, alisema, ni mimi kwenda kuliangalia kidogo tu ili Jumatatu alipe.

Nimefanya ufundi wa magari kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeitumia chini ya gia boksi za otomatiki. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu siku ya kwanza nilimwambia kwamba gia boksi ni nzima, na nilikosea.

Ukoo wa gia boksi

Kabla sijaligusa gari lenyewe nilitaka kujua limebeba gia boksi gani. Neno "otomatiki" peke yake halitoshi. Magari mawili yenye jina moja na ya mwaka mmoja yanaweza kubeba gia boksi mbili tofauti kabisa, moja inavumilia na nyingine inakufa mapema. Ukiwa na namba ya chesisi, katalogi ya vipuri itakuonyesha iliyomo.

Na tofauti hizi si maneno ya gereji tu. Mwaka 2004 Honda iliyaita yarudishwe kwa marekebisho magari yake yapatayo milioni 1.1 nchini Marekani kwa sababu gia ya pili katika baadhi ya otomatiki zake ilipata joto kupita kiasi, na ingeweza kuvunjika na kuikwamisha gia boksi nzima gari likiwa kwenye mwendo. Nissan nayo ilirefusha dhamana ya gia boksi za CVT (otomatiki zinazotumia mkanda badala ya gia za hatua) za magari yake ya 2003 hadi 2010 yaliyouzwa huko huko Marekani, kutoka maili 60,000 hadi 120,000. Halafu kuna gia boksi zinazouawa na jirani. Kwenye Nissan Pathfinder, Xterra na Frontier za 2005 hadi 2010, rejeta ambayo ndani yake mnapita pia oili ya gia boksi ilikuwa ikipasuka kwa ndani. Maji yakachanganyika na oili, na gia boksi ambayo haikuwa na kosa lolote ikaharibika. Anayetazama gari la namna hiyo aanze na rejeta: ni ile ile ya zamani, au ilishabadilishwa?

Ya mdogo wangu ilikuwa ya ukoo mzuri. Otomatiki ya kawaida, yenye konvata (kiungo kinachopitisha nguvu ya injini kwenda gia boksi kwa njia ya oili) na klachi zinazofanya kazi ndani ya oili, isiyo na sifa mbaya popote nilipotafuta. Nikatulia. Sasa naona nilitulia mno, kwa sababu ukoo unakueleza ndugu zake wamekuwaje, haukuelezi huyu mmoja amepitia nini.

Jumamosi alasiri

Tulifika saa kumi. Injini ilikuwa ya moto, muuzaji alisema ametoka kulizungusha mjini. Nikavuta kijiti cha oili ya gia boksi, nikadondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu, angavu, haina harufu ya kuungua. "Nimebadilisha mwezi uliopita," akasema. Nikachomeka mashine ya kupimia: hakuna msimbo wa hitilafu hata mmoja, si wa injini wala wa gia boksi. Tukaliendesha dakika 15. Gia zilipanda moja baada ya nyingine bila kusita, na tukisimama zilishuka kimya kimya.

Kitu kimoja tu kilimtia hofu mdogo wangu. Nilipoingiza rivasi pale mwishoni, kishindo kizito kilisikika kutoka mbele. Akanishika mkono. "Kaka, hapo si ndiyo inakufa hiyo?"

Nikafungua boneti, nikavuta breki ya mkono, nikamwambia akanyage breki kwa nguvu zote na awe anahamisha kutoka nyutro kwenda rivasi huku mimi nimesimama pembeni natazama injini. Kila gia ilipoingia, injini iliruka kuelekea upande mmoja kisha ikarudi kwa kishindo. Mauntingi ya nyuma, yaani kishikizo cha mpira kinachobeba injini, ilikuwa imekatika mpira. Ni kipuri cha bei ndogo, na hakihusiani na afya ya gia boksi. Watu wengi wameacha magari mazuri kwa kishindo kama hiki, na wengine wamelipia gia boksi mpya kabla mtu hajazitazama mauntingi.

Nilimwambia: gia boksi inaonekana nzima. Yeye akapumua, na mimi nikalegea. Hofu ile ilipogeuka kuwa ya bure, nikaacha kutafuta.

Hesabu ya usiku

Usiku ile oili ilinirudia. Ilikuwa nyekundu mno.

Gia boksi ya ukubwa ule hubeba jumla ya lita 8 hivi. Ukifungua nati ya chini, zinatoka lita 3 na nusu, labda 4. Zinazobaki zimejificha ndani ya konvata, kwenye mabomba na kwenye kipozeo. Kwa hiyo ukibadilisha mara moja, zaidi ya nusu ya oili iliyomo ni ile ile ya zamani. Ukitoa lita 3 na nusu kila safari, baada ya mara mbili bado asilimia 32 ni ya zamani, baada ya mara tatu asilimia 18, baada ya mara nne asilimia 10. Oili iliyokaa miaka mingi huwa ya kahawia au nyeusi, na ukibadilisha mara moja tu unapata rangi ya kati, kahawia yenye wekundu. Ili tone liwe angavu vile, mtu alikuwa ameibadilisha mara tatu au nne mfululizo, au ameisukuma yote kwa mashine.

Nani hufanya hivyo? Mmoja ni mmiliki mwangalifu sana. Mwingine ni mtu anayehangaika na tatizo. Mmiliki mwangalifu huwa na karatasi za matengenezo, na mimi sikuwa nimeomba karatasi hata moja. Nilipaswa kuanza nazo, hasa kwa kuwa baadhi ya watengenezaji wa magari wamewaambia wateja kwamba oili ya gia boksi ni ya maisha yote, na gari likafika miaka 14 halijawahi kuguswa. ZF, wanaotengeneza gia boksi za BMW na za kampuni nyingine, wao hushauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ikifika miaka 8.

Nikafungua ripoti ya mashine niliyoihifadhi kwenye simu. Mchana nilitazama misimbo tu. Chini ya misimbo kuna mambo mawili ambayo wanunuzi wengi hawayafikii. La kwanza ni orodha ya majaribio ambayo kompyuta ya injini hujifanyia yenyewe gari likiwa linatembea: mawili yalikuwa hayajakamilika. La pili ni umbali uliotembewa tangu kumbukumbu ya hitilafu ilipofutwa. Kilomita 37.

Huenda betri ilichomolewa tu, na kwenye magari mengi hilo pia hufuta. Lakini ule usafi wa misimbo niliousifia ulikuwa wa kilomita 37, na oili niliyoisifia ilikuwa ya mwezi mmoja. Vitu viwili ambavyo vingenisimulia maisha ya gia boksi hii vilikuwa vimepanguswa, na mimi nikaupokea upanguswaji ule kama afya.

Jumapili, ikiwa ya baridi

Nilimpigia muuzaji asubuhi na mapema, nikamwomba asiliwashe hadi tufike. Alikubali bila neno. Saa moja kasoro niliweka kiganja juu ya injini, ilikuwa baridi kabisa.

Nieleze kwa nini nilisisitiza hivyo. Klachi za ndani ya otomatiki hubanwa na mgandamizo wa oili, na mgandamizo huo huzuiwa usivuje na mipira. Mpira uliozeeka hukakamaa. Ukiwa wa baridi unaacha upenyo na oili inavuja pembeni, kwa hiyo klachi inachelewa kubana. Ukipata joto unalainika, unatanuka, unaziba tena, na gari linakuwa kama halijawahi kuugua. Ubovu wa njia na vali za oili una tabia ya kinyume: oili ya baridi ni nzito na hupita kwa shida kwenye uwazi uliolika, lakini ikipata joto inakuwa nyepesi na kuponyoka. Ndiyo maana gia boksi lazima ijaribiwe ikiwa ya baridi na ijaribiwe tena ikiwa ya moto sana, na ndiyo maana zile dakika 15 za Jumamosi, katikati ya hali hizo mbili, hazikuwa na thamani yoyote.

Nikawasha, nikasubiri mshale wa mizunguko utulie, nikaingiza rivasi huku nimekanyaga breki na kuhesabu. Ilishika baada ya karibu sekunde tatu. Vitabu vya ufundi vya Toyota, ninavyovitumia kama kipimo cha kufikiria hata kwa magari mengine, vinataka gari likiwa na joto la kazi lishike ndani ya sekunde 1.2 kutoka nyutro kwenda D, na ndani ya sekunde 1.5 kwenda rivasi. Kwenye baridi naongeza uvumilivu kidogo. Sekunde tatu ni nje ya uvumilivu huo. Baada ya dakika kumi za mwendo nilirudia, ikashika ndani ya sekunde moja na kidogo. Mipira imekakamaa, basi. Kwa gari la miaka 14 hilo si ajabu, na peke yake lisingenifanya nimzuie mdogo wangu.

Tukatoka kwenda mbali. Mashine iliposoma nyuzi 92 kwenye oili ya gia boksi, nikatafuta kipande kirefu cha barabara laini, nikashika kilomita 70 kwa saa huku nimeuegesha mguu tu kwenye mafuta. Kwenye mwendo wa namna hiyo klachi iliyo ndani ya konvata hushika, injini na gia boksi zikafungana kuwa kitu kimoja, na mshale wa mizunguko ukashuka kidogo kana kwamba gari limepata gia ya ziada. Ulishuka. Kisha, kwa muda wa sekunde mbili, gari likatetemeka kama tairi limepita juu ya vijituta vidogo vilivyopangwa karibu karibu.

"Barabara mbovu hii," mdogo wangu akasema kutoka nyuma.

Barabara ilikuwa laini. Nikageuza, nikarudia upande wa pili, mtetemo ukaja tena. Nikauacha mguu wa kulia ulipo, nikaigusa breki kidogo kwa mguu wa kushoto. Kuguswa kwa breki huiachisha ile klachi ya konvata. Mizunguko ikapanda kama 300, mtetemo ukafa. Nikaachia breki, klachi ikashika, mtetemo ukarudi. Tairi lisilo na balansi halina habari na mguu wako wa breki. Plagi mbovu inaweza kudanganya kidogo hapa, kwa kuwa injini hubeba mzigo zaidi klachi ikishika, lakini mashine haikuhesabu hata mara moja ambapo silinda ilikosa kuwaka. Na namba ya mtelezo wa konvata, yaani tofauti ya mizunguko kati ya injini na gia boksi, ambayo klachi ikiwa imebana ilipaswa kukaa karibu na sifuri, ilikuwa ikicheza kati ya 40 na 180.

Kwa hiyo kishindo kilichomwogopesha mdogo wangu kilikuwa cha mpira wa bei ndogo, na mtetemo ambao hakuutambua kabisa ndio uliokuwa na gharama.

Oili au klachi?

Hapa kuna maelezo mawili, na ningemkosea muuzaji kama ningerukia lile baya. Oili ya gia boksi si kilainishi tu. Ina viungo vinavyoamua klachi ishike kwa ulaini au kwa ukali, na kila mtengenezaji ana mchanganyiko wake. Otomatiki nyingi za Honda hutaka oili iitwayo DW-1, Toyota nyingi kuanzia katikati ya miaka ya 2000 hutaka iitwayo WS. Ukimwaga oili isiyo yake, klachi ya konvata huwa ya kwanza kulalamika, na hulalamika kwa mtetemo huu huu. Kama lilikuwa kosa la oili, basi oili sahihi ingeliponya na mdogo wangu angekuwa amepata gari zuri.

Nikamuuliza muuzaji ni oili gani iliyowekwa. Hakujua, fundi ndiye aliyeinunua. Nikauliza swali ambalo nilipaswa kuuliza Jumamosi: kwa nini uliibadilisha?

Akaeleza bila kuzunguka. Yeye mwenyewe alilinunua gari miezi saba iliyopita. Mwezi wake wa tatu akiwa nalo likaanza kutetemeka njiani. Fundi akabadilisha oili mara nne ndani ya wiki mbili, mtetemo ukapungua sana, kwa muda ukapotea. Wiki iliyopita taa ya injini ikawaka, fundi akaifuta, haikurudi. "Sikuwaficha," akasema. "Hamkuniuliza." Ni kweli, hatukumuuliza. Yeye alijibu kila alichoulizwa, na kama si mimi kuridhika na rangi ya tone la oili, mazungumzo haya yangefanyika siku moja kabla.

Aliruhusu tufungue sampo, lile bakuli la oili la chini ya gia boksi, kwa gharama yetu. Jumatatu gari likapanda juu. Sumaku za ndani zilikuwa na tope zito la kijivu, na wengi wangeishia hapo na kutoa hukumu. Mimi tope lile halikunisumbua. Fundi wa mwezi uliopita alikuwa akifungua nati tu, sampo haikuwahi kushushwa, kwa hiyo yale yalikuwa makusanyo ya miaka 14, na tope laini la chuma ni la kawaida. Kilichonisumbua kilikuwa pembeni mwa sumaku. Kwenye kona za sampo palikuwa na vumbi jeusi kama masizi, ambalo ni unga wa klachi, na ndani yake viganda vichache vinavyometa rangi ya dhahabu. Nikavipitisha karibu na sumaku, havikuvutika. Metali ya rangi hiyo isiyovutwa na sumaku hutoka kwenye bushi na washa, vipete vinavyobeba sehemu zinazozunguka, na bushi hazimeguki kwa sababu ya oili ya aina nyingine.

Kila dalili peke yake ningeweza kuitetea. Kuchelewa kwa rivasi ni uzee wa mipira. Mtetemo huenda ni oili. Viganda vichache huenda ni vya zamani sana. Ila zilikuwa tatu, kila moja imepatikana kwa njia yake, na zote zilielekea ndani ya gia boksi ile ile ambayo mtu mwingine alishajaribu kuitibu kwa oili ikashindikana. Nikaamua kwamba klachi ya konvata imelika, na kwamba unga wake umeshaanza safari kuelekea kwenye vali na solenoidi, zile vali za umeme zinazoongoza oili.

Uamuzi

Kufungua gia boksi, kuweka konvata iliyokarabatiwa na mipira mipya ya seti nzima kungegharimu karibu theluthi ya bei ya gari. Tukampa muuzaji bei iliyopunguzwa theluthi hiyo. Akakubali kupunguza nusu yake, hakwenda zaidi.

"Kaka, lakini si linatembea?" mdogo wangu akaniuliza nje. Alikuwa ameshalipenda, na ilinichoma kumwona hivyo. Nikamwambia linatembea, na huenda likatembea mwaka mzima, na huenda likagoma mwezi ujao. Mimi ningelinunua kwa bei ile ya muuzaji. Nina vifaa, nina gari jingine, na likilala gereji wiki tatu sipotezi kitu. Yeye anaingia kazini alfajiri, hana usafiri mwingine, na akiba yake yote ingeishia kwenye ununuzi wenyewe. Gia boksi ile ile, lakini kwake haikufaa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akarudi ndani kumshukuru muuzaji na kuaga.

Wiki tano baadaye tulitazama jingine. Miaka 16, kilomita 231,000, otomatiki ya gia nne, rangi imepauka paani, kiti cha dereva kimechakaa. Oili yake ilikuwa ya kahawia. Mwenyewe alitoa bahasha: oili ya gia boksi ilibadilishwa kwenye kilomita 60,000, 118,000 na 177,000, kila mara imeandikwa aina yake. Tangu kumbukumbu ya hitilafu ifutwe gari lilikuwa limetembea zaidi ya kilomita 9,000, majaribio yote yamekamilika. Asubuhi ya baridi rivasi ilishika kabla sijamaliza kuhesabu mbili. Baada ya saa nzima njiani ilishika vile vile, na klachi ya konvata ilibana bila hata mshtuko mdogo.

Mdogo wangu hakulipenda kama lile la kwanza, na hakuficha. Akalinunua. Jumamosi iliyofuata tulishusha sampo, tukafuta sumaku, tukabadilisha filta na gasketi, tukajaza oili ya aina iliyochapwa kwenye kijiti chenyewe, tukapima kiwango injini ikiwa inaunguruma. Akatoa daftari jipya, akaandika tarehe, aina ya oili, na 231,480.